Miundi miwili, maumivu mawili: kisa cha mkimbiaji baada ya kilomita 21

Alikuja siku ya 12 baada ya mbio, amevaa soksi za kubana hadi magotini, mkononi bahasha ya eksirei, na jibu alikwisha kujipa mwenyewe. "Daktari, miundi imechoka tu. Nipe mazoezi ya kunyoosha misuli niendelee." (Wengi huniita daktari. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na nimechoka kuwasahihisha.) Ana miaka 33, amekimbia kwa miaka miwili, na nusu marathoni yake ya kwanza, kilomita 21.1, aliimaliza kwa saa 2 na dakika 11. Tangu siku hiyo miguu yote miwili ilikuwa ikimuuma upande wa ndani, chini ya katikati ya muundi, pale ambapo wengine hupaita ugoko.

Nimekiandika kisa hiki kwa ruhusa yake, bila jina, kwa sababu mgonjwa mmoja aliniletea matatizo mawili yaliyovaa nguo moja. Na mimi nilikosea mahali pawili, nitapataja.

Wiki ya tatu

Kwa mwaka mzima alikuwa akikimbia kilomita 24 hadi 27 kwa wiki, mwendo wa kawaida, bila kuumwa popote. Zilipobaki wiki saba akajiandikisha kwenye mbio. Tulifungua simu yake tukasoma kumbukumbu za saa ya mkononi: wiki ya kwanza kilomita 24, ya pili 27, ya tatu 36, ya nne 42, ya tano 46, ya sita 38, ya saba 31 pamoja na mbio zenyewe.

Mtu akiziona namba hizo atasema aliongeza upesi mno, na hatakosea. Ila saa haiandiki kila kitu. Nilimuuliza wiki ya tatu kulitokea nini, akanyamaza kidogo akikumbuka. Wiki hiyo ndiyo aliyojiunga na kikundi kinachofanya mazoezi ya kasi kila Jumanne: mizunguko ya mita 400, kisha kumalizia kwa kushuka mteremko wa lami. Wiki hiyohiyo alianza kuvaa viatu vipya, vyepesi, soli nyembamba kuliko vile alivyovizoea. Umbali ulipanda kwa theluthi nzima, ikaongezeka kasi, ukaongezeka mteremko, na kiatu kikabadilika, yote ndani ya siku saba.

Maumivu yalianza wiki ya tano. Mwanzoni yalikuwa na adabu: yanauma kilomita ya kwanza, mwili ukipata joto yanapotea. Wiki ya sita yakawa yanarudi jioni. Hakumwambia kocha. "Ningemwambia angenitoa kwenye orodha." Asubuhi ya mbio alimeza vidonge viwili vya ibuprofeni, na mpaka kilomita ya 14 alijiona mzima kabisa. Baada ya hapo mguu wa kulia ukaanza kuchoma, kama mtu anayeuchokonoa mfupa kwa msumari. Akamaliza hivyohivyo.

Siku mbili alichechemea. Siku ya nne akapigwa eksirei, akaambiwa mfupa hauna kitu. Siku ya kumi akajaribu kilomita tano. Mguu wa kushoto ulilalamika kidogo mwanzoni, ukanyamaza. Wa kulia uliuma tangu hatua ya kwanza na haukunyamaza, akarudi nyumbani akitembea.

Hapo niliweka kalamu chini. Maumivu yanayolegea mwili ukipata joto na maumivu yanayozidi kila hatua hayatoki mahali pamoja, hata kama yanauma sehemu moja. Nikamuuliza usiku ukoje. Kushoto, hakuna kitu. Kulia, akilala chali mguu unapwita.

Kidole kinasema nini

Upimaji wa muundi hauhitaji mashine nyingi. Mfupa uko chini ya ngozi tu. Kidole gumba kinaufuata ukingo wa ndani kuanzia kifundo cha mguu kwenda juu, sentimita moja baada ya nyingine, na mgonjwa anasema pale panapouma.

Kushoto palikuwa na mstari mrefu. Nilianza kupata maumivu juu kidogo ya kifundo, yakaendelea kwa sentimita 9, yote ya kiwango kimoja, alisema 4 kati ya 10. Hii ndiyo sura ya msongo wa muundi wa ndani, tatizo ambalo wakimbiaji wengi hulikuta msimu fulani wa maisha yao. Kipimo kinachotumika ni kwamba eneo linalouma lifike angalau sentimita 5 mfululizo. Nilibonyeza kwa sekunde 5 nikaachia: ngozi ilibaki na kishimo kidogo, dalili ya uvimbe mdogo juu ya mfupa. Hiyo nayo huenda pamoja na tatizo hilo.

Kulia pia palikuwa na mstari, sentimita 6 hivi, na ningekuwa na haraka ningeandika "pande zote mbili" nikaendelea. Lakini ndani ya mstari ule, pale theluthi ya kati inapokutana na theluthi ya chini, palikuwa na eneo la sentimita 2 tu ambapo alivuta mguu kabla sijamaliza kubonyeza. Alisema 8.

Hapa ndipo kosa langu la kwanza. Nilimwambia aruke kwa mguu mmoja. Kushoto aliruka mara kumi, maumivu 2. Kulia aliruka mara moja, akashika ukuta. Sikuhitaji mruko ule. Mtu ana maumivu ya usiku, ana nukta moja kali juu ya mfupa, anaumia akitembea: jibu ninalo tayari, na kumrusha ni kuuongezea mzigo mfupa ninaoushuku. Siku hizi narusha watu ambao kidole hakijanitisha.

Nilipima na mambo mengine. Upinde wa wayo ulishuka karibu milimita 11 akisimama, pande zote mbili sawa. Kushuka zaidi ya milimita 10 hutajwa miongoni mwa mambo yanayoongeza uwezekano wa msongo wa muundi, na kuna watu wangemuuzia soli za ndani siku hiyohiyo. Lakini kitu kilicho sawa pande mbili hakiwezi kunieleza kwa nini upande mmoja umeharibika zaidi. Nguvu ya tafu ilinieleza vizuri zaidi: kuinua kisigino kwa mguu mmoja, kushoto alifika 19, kulia nilimwachia ajaribu mpaka maumivu yaanze, akafika 11. Na kifundo cha kulia kilikuwa kigumu. Akiegemeza goti ukutani bila kuinua kisigino, kushoto kidole gumba kilikaa sentimita 10 kutoka ukutani, kulia 6. "Huu uliwahi kuteguka?" Ndiyo, miaka miwili nyuma, kabla hajaanza kukimbia. Alifunga bandeji wiki moja, akasahau.

Mengine niliyoyafikiria

Muundi unaouma baada ya mbio ndefu una wenyeji zaidi ya wawili. Kuna misuli ya mbele na ya nje ya muundi ambayo imefungwa ndani ya ala isiyotanuka. Mtu akikimbia misuli inavimba, shinikizo linapanda, damu inapita kwa shida. Huyo hukuambia kwamba kila akifika dakika ya 12, au ya 15, mguu unakaza kama mbao, wakati mwingine ganzi inaingia kati ya kidole gumba na cha pili, naye akisimama dakika chache yote yanaisha. Dakika hizo hazibadiliki sana siku kwa siku. Mgonjwa wangu hakuwa na dakika maalumu ya namna hiyo. Ikiwa ala hiyo itakaza ghafla na maumivu yasitulie hata mtu akipumzika, mguu umekuwa mgumu na kunyoosha vidole ni mateso, hiyo ni dharura ya upasuaji ya saa, si ya siku.

Mshipa wa damu nyuma ya goti nao unaweza kubanwa na misuli, mguu ukapoa na tafu likauma wakati wa kukimbia. Mapigo yake ya damu mguuni yalikuwa mazuri, na hakuwa na ubaridi. Tafu lililovimba upande mmoja, lina joto na linauma hata ukiwa umekaa, linatakiwa lionwe na daktari siku hiyohiyo kwa ajili ya damu kuganda. Hakuwa nalo.

Nilikagua pia ukingo wa mbele wa mfupa, na huo ndio nilioukagua kwa hofu zaidi. Ufa ukitokea mbele ya muundi, upande ambao mfupa unavutwa kila hatua, hupona kwa shida na unaweza kuishia kuvunjika kabisa. Ule wa ndani kwa nyuma uko upande unaokandamizwa, na mifupa inayokandamizwa hujiunga kwa urahisi zaidi. Mbele palikuwa salama.

Bahasha ya eksirei

Picha ilikuwa safi kweli, na aliyeisoma hakukosea. Tatizo ni kile mgonjwa alichokisikia. Katika siku za kwanza ufa wa uchovu wa mfupa mara nyingi hauonekani kwenye eksirei; kinachokuja kuonekana baadaye ni mfupa mpya unaojengwa kuuziba, na huo huchukua wiki mbili, tatu au zaidi kuonekana, na kwa wengine hauonekani kabisa. Picha safi ya siku ya nne inamaanisha mfupa haujavunjika waziwazi. Yeye alielewa kwamba anaruhusiwa kukimbia, na kilomita tano za siku ya kumi zilitoka ndani ya bahasha ile.

Daktari niliyempelekea akaagiza MRI, picha za sumaku zinazoonyesha hadi ndani ya mfupa, ya miguu yote miwili. Kushoto: uvimbe kwenye utando unaouzunguka mfupa tu, daraja la 1 kati ya madaraja manne yanayotumika. Kulia: utando umevimba, na ndani ya uboho kuna maji yanayoonekana katika aina zote mbili za picha ambazo MRI hupiga, mstari wa ufa haupo. Daraja la 3. Hatua iliyobaki mbele yake ilikuwa ufa wenyewe.

Je, ni magonjwa mawili au ni ugonjwa mmoja uliofika vituo tofauti? Wataalamu wanabishana, na madaraja haya yenyewe yamejengwa juu ya wazo la barabara moja. Mimi nikiwa na mgonjwa mbele yangu nauliza kitu kidogo zaidi: mguu huu ukipewa mzigo kesho, utazoea au utavunjika? Kushoto ungezoea.

Mfupa hujibu kwa kuchelewa

Zamani tulifundishwa kwamba misuli inauvuta utando wa mfupa mpaka unavimba, na bado maelezo hayo yanazunguka. Yana kasoro. Msuli uliokuwa ukilaumiwa zaidi, ule unaoshikilia upinde wa wayo kutoka nyuma ya muundi, umejishikiza juu zaidi ya pale watu wanapoumia. Maelezo yanayokaa vizuri zaidi ni kwamba mfupa wenyewe unapinda.

Kila mguu unapotua wakati wa kukimbia, ardhi inaurudishia nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili, na muundi unapinda kidogo mno usioweza kuuona. Tafu likiwa na nguvu, na hasa ule msuli wa ndani unaofanya kazi hata goti likiwa limekunjwa, linauzuia mfupa usipinde sana. Likichoka, mfupa unabeba peke yake. Sasa fanya hesabu ya siku ya mbio: saa yake iliandika hatua 168 kwa dakika, kwa dakika 131. Ni hatua 22,000 na ushei, 11,000 kila mguu. Mguu wa kulia, wenye tafu linaloishiwa nguvu mapema, ulibeba sehemu kubwa ya hizo 11,000 bila msaidizi.

Tangu Julius Wolff, daktari wa upasuaji wa Ujerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1892, inajulikana kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Kinachosahaulika ni mpangilio wa kazi. Kwanza wanaingia wabomoaji, seli zinazochimba sehemu iliyochakaa, na huchukua kama wiki tatu. Kisha wanakuja wajenzi, nao huchukua kama miezi mitatu kujaza mashimo na kuyaimarisha. Katikati ya hapo mfupa una matundu mengi kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza kuukomaza.

Rudi kwenye wiki ya tatu. Mzigo mpya ulianza hapo, maumivu yakatokea wiki ya tano, mbio zikawa wiki ya saba. Alisimama kwenye mstari wa kuanzia wakati wabomoaji wamemaliza zamu yao na wajenzi ndio kwanza wanakoroga saruji. Pumzi na misuli vilikuwa vimekwisha kuzoea, ndiyo maana alijisikia vizuri kuliko wakati wowote. Moyo na mapafu hubadilika upesi, mfupa hauna haraka hiyo. Kwa hiyo mimi siitazami siku ya mbio kama siku aliyoumia. Siku ile ilikusanya madeni ya mwezi mzima.

Kuhusu viatu, nitasema kidogo, maana ndivyo kila mtu anavyovitaja kwanza. Kiatu kigeni hubadilisha kidogo mahali mzigo unapotua, na hilo si kosa ukikiingiza polepole. Nilimwachia avitumie baadaye. Mteremko na kasi ndivyo ninavyovilaumu zaidi, kwa sababu mfupa huumizwa na ukubwa wa kila pigo kuliko idadi ya mapigo: mapigo machache makubwa yanaweza kuharibu kuliko mengi madogo.

Swali nililolichelewesha

Hili ndilo kosa langu la pili. Nilimuuliza kila kitu siku ya kwanza isipokuwa hili, nikasubiri hadi tulipoonana tena, majibu ya MRI yakiwa mezani.

"Dada, samahani kwa swali hili. Hedhi yako inakuja kama kawaida?"

Akaniangalia. "Ina uhusiano gani na mguu?"

"Mkubwa."

Ilikuwa haijaja miezi miwili. Alidhani ni mazoezi, na marafiki kwenye kikundi walimwambia ni kawaida kwa wakimbiaji. Tangu alipojiandikisha mbio alikuwa amepunguza chakula ili awe mwepesi, na alikuwa amepungua kilo 4 huku akikimbia karibu mara mbili ya alivyozoea.

Si kawaida. Mwili ukikosa nishati ya kutosha baada ya mazoezi kuchukua sehemu yake, unaanza kufunga ofisi zisizo za lazima, na uzazi ni mojawapo ya za kwanza. Estrojeni, homoni ya uzazi ya kike, ikishuka, wale wabomoaji wa mfupa wanakosa msimamizi, wanachimba kuliko kawaida. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko mwaka 2014 kuhusu upungufu huu wa nishati katika michezo, na kusisitiza kwamba unawapata wanaume pia. Kwa wanaume hakuna hedhi ya kupiga kengele, hivyo huchelewa kugundulika. Daktari alianza na kipimo cha ujauzito, kikaonyesha hakuna mimba, akapima damu: vitamini D ilikuwa chini. Akapewa ya kuongeza, akaelekezwa kwa mtaalamu wa lishe, chakula kikarudi.

Ningeuliza siku ya kwanza, tungeokoa siku tisa. Siku tisa si nyingi, ila si zangu.

Mpango, na yale tuliyoyaacha

Alishangaa nilipomwambia aache kuchuliwa. Rafiki yake alikuwa akimkanda kila jioni kwa kidole gumba, akisugua ukingo wa mfupa "ili damu itembee", naye akivumilia machozi. Tafu likandwe, hakuna ubaya. Mfupa uliovimba utando usisuguliwe. Barafu aliipenda, nikamwachia, inatuliza, haiponyi. Soksi za kubana hivyohivyo. Vidonge nilimwomba avisahau kabisa kabla ya kukimbia. Vinazima kengele bila kuzima moto, na ibuprofeni katika mbio ndefu, mwili ukiwa umepungukiwa maji, ni mzigo kwa figo. Kunyoosha misuli, lile ombi lake la kwanza, halina nguvu kubwa ya kuponya tatizo hili. Kuna jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2012, wanamichezo 74 wenye msongo wa muundi waligawanywa makundi matatu: programu ya kukimbia hatua kwa hatua peke yake, programu hiyo pamoja na mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha tafu, na programu hiyo pamoja na soksi za kubana. Makundi yote yalichukua muda unaokaribiana, siku mia moja na zaidi kwa wastani. Namtajia kila anayeniuliza kama wiki mbili zitatosha.

Kwa mguu wa kulia alitumia magongo wiki mbili, mpaka akawa anatembea ndani ya nyumba bila maumivu. Wiki ya tatu akaanza kutembea bila magongo, wiki ya nne baiskeli na kukimbia ndani ya maji marefu akiwa na mkanda wa kuelea. Alichukia maji. Alisema ni kama kukimbia kwenye ndoto. Tukaanza kuinua visigino, kwanza kwa miguu miwili, kisha mmoja, goti likiwa limenyooka na baadaye limekunjwa ili ule msuli wa ndani ufanye kazi, halafu begi lenye uzito mgongoni. Kifundo kigumu tulikilegeza kwa mazoezi ya ukutani kila siku.

Kukimbia kulirudi wiki ya tisa, baada ya masharti matatu kutimia: siku tano mfululizo anatembea dakika 30 bila maumivu, kidole hakipati tena ile nukta, na anaruka mara kumi bila kuhisi kitu. Dakika moja kukimbia, dakika mbili kutembea, mara nane, siku moja moja ikirukwa katikati. Kazi ya dakika nane tu, naye alinitumia ujumbe kana kwamba ameshinda medali. Sehemu ndogondogo hizi zina sababu yake. Katika majaribio ya wanyama, seli za mfupa huchoka kusikia mzigo baada ya mapigo machache mfululizo, zikipumzishwa saa kadhaa masikio yanarudi. Mara chache kwa muda mrefu ni hasara kwa mfupa. Kidogokidogo mara nyingi ni faida.

Kanuni ya maumivu ndiyo iliyotofautisha miguu. Kushoto niliruhusu hadi 2 kati ya 10, mradi yameisha asubuhi ya pili. Kulia niliruhusu sifuri. Alilalamika kwamba anashindwa kukimbia kwa sheria mbili. Nikamwambia miguu yake ndiyo iliyozitunga.

Wiki ya 12 mambo yakaharibika, na si pale nilipokuwa nikipaangalia. Mguu wa kushoto, ule mzuri, ulianza kuuma jioni, mstari uleule mrefu. Tulikuwa tumeshughulika na wa kulia mpaka tukasahau kwamba wa kushoto nao ulikuwa na daraja lake, na kwamba kwa wiki za magongo ndio uliobeba kila kitu. Zaidi ya hapo, mazoezi ya tafu alikuwa akiyafanya seti tatu kulia na moja kushoto, kwa maelekezo yangu. Tukarudi hatua mbili nyuma kwenye programu, seti zikawa sawa, wiki mbili zikapita, ukatulia.

Wiki ya 14 ndipo nilipogusa mwendo wake, na jambo hilo tu: kutoka hatua 168 kwa dakika hadi 176, kasi ileile. Hatua inafupika, mguu unatua karibu na mwili, na pigo la kila hatua linapungua. Aliweka mlio kwenye simu, dakika tano za mwanzo na tano za mwisho, mpaka masikio yakazoea. Vile viatu vipya vilirudi wiki ya 16, mara moja kwa wiki. Mteremko tuliuacha wa mwisho.

Hedhi ilirudi wiki ya 10. Wiki ya 19 alikimbia kilomita 10 bila kusimama, na wiki ya 21 kilomita 12. Kuinua kisigino: kushoto 26, kulia 24. Kocha wake sasa anajua. Nilimpigia simu mwenyewe, mgonjwa akiwa amekaa pembeni ameziba uso. "Kumbe alikuwa anaumwa tangu wiki ya tano? Mbona hakusema?" Nikawaachia wajibizane wenyewe.

Amejiandikisha tena nusu marathoni, safari hii zikiwa zimebaki wiki 16. Kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu hupitisha kidole kwenye ukingo wa mifupa yote miwili, kisha hunitumia namba mbili. Ujumbe wa mwisho, jana: "Kushoto 0, kulia 0, ila kidole kidogo kimetoka lengelenge. Hilo nalo lina daraja?"